Kambale Tu

Sisi tuliokulia Butembo wakati mpira ulisukwa kwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tunajuana hata bila kujulishana. Mtu wa umri wangu akipita karibu na watoto wanaocheza, mpira ukamfuata, usimtazame usoni. Tazama mguu. Akiurudisha kwa upole, kwa ubavu wa mguu, kana kwamba unaweza kupasuka na kumwaibisha, huyo ni wa kwetu. Mpira wetu ulipasuka sana. Mtu alipiga shuti, nusu ya mpira ikaingia golini, nusu ikabaki imening'inia kwenye kidole gumba, na hapo mchezo ukageuka kuwa kikao. Nusu ya mpira ni goli, au si goli? Tulibishana mpaka ukungu ukatufunika na sauti za mama zetu zikaanza kushuka mlimani, kila moja ikitafuta mtoto wake. Mpaka leo sijapata jibu.

Mimi nilikuwa msichana, kwa hiyo niliwekwa golini. Wavulana walisema sketi inasaidia kuzuia. Sikukataa, maana golini ndipo mtu anapoona kila kitu. Niliona moshi wa tanuri za matofali ukipanda kutoka bondeni, kando ya mto Kimemi, moshi mzito wa kuni za mikaratusi uliokaa kwenye nguo zetu hata Jumapili kanisani. Niliona malori ya kahawa yakipanda kuelekea mjini, na wanaume wamelala juu ya mifuko kama wafalme waliochoka. Jioni, nyumba baada ya nyumba, ilikuja harufu ya maharagwe yaliyoungwa kwa mawese. Ukiwa na njaa ungeweza kusema, bila kuona chungu, ni nani ametia kitunguu na ni nani ameamua kukisahau.

Na juu ya hayo yote kulikuwa na Balansi.

Mji wetu ulikuwa na timu nyingi, lakini kusema kweli ulikuwa na timu moja. Balansi ilianzishwa na wanunuzi wa kahawa, watu wa mizani kubwa za chuma, na jina, ambalo kwa Kifaransa ni mizani, likabaki hata baada ya wengi wao kuhamia kwenye vitenge na pikipiki. Jezi zake zilikuwa nyeupe, zimefuliwa kwa buluu, na kila mchezaji alikuwa na viatu vya jua na viatu vya mvua. Watu walisema Balansi ikifungwa, sukari inapanda bei. Niliamini. Mara moja tu, nikiwa mdogo sana, ilifungwa, na sukari ilipanda kweli. Nilihitaji miaka mingi kugundua kwamba sukari hupanda hata timu ikishinda.

Chini, bondeni, kulikuwa na timu ya wafyatua matofali. Jina lao la karatasini lilikuwa la Kifaransa na refu, na hakuna aliyelikumbuka, hata wao. Tuliwaita Matofali. Jezi zao zilikuwa fulana za kila aina zilizofuliwa mtoni mpaka zote zikapata rangi moja ya udongo, na namba za mgongoni fundi cherehani alizikata kwenye mfuko wa unga wa ngano. Walifanya mazoezi kazini. Yeyote aliyewahi kuona tofali likizaliwa anajua: udongo humwagiwa maji, kisha watu huingia ndani miguu mitupu na kuukanyaga, saa nzima, saa mbili, mpaka uwe laini kama bugali. Watu wa Balansi walipita juu barabarani, wakawatazama wakikanyaga, wakacheka. "Angalia équipe inacheza na matope," walisema. Lakini Matofali walianza kushinda. Kwanza walizifunga timu za vilima, tukasema ni bahati. Kisha wakazifunga timu za shule. Kisha ile timu ya askari, waliokuja kutoka mikoa mingine na kuimba Kilingala kabla ya kila mechi, ilifungwa mbili bila, na tukaanza kusema kwa sauti ya chini kitu ambacho hakikuwa na jina bado.

Ndugu yangu Kambale alikuwa mmoja wao. Hiyo ndiyo siri niliyoibeba nikiwa na miaka tisa, na ilikuwa nzito kuliko kitu chochote nilichokwisha kubeba, hata ndoo ya maji ya kilima cha kwetu.

Papa alikuwa mtu wa mizani katika depo, ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja mkubwa. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mizani, kungoja sindano itulie, na kusema kilo. Basi. Lakini wakulima walitoka mbali, wakapita depo nyingine tatu ili wapimiwe na yeye, kwa sababu mkono wake haukuwahi kuegemea mfuko, na kidole chake cha mguu hakikuwahi kugusa chuma. Alikuwa na msemo mmoja, naye aliutumia hata nyumbani, wakati wa kugawa nyama: "Kilo haina ndugu." Ukililia kipande kikubwa aliutoa huo msemo, na kilio kilikauka.

Mwenye depo, tuliyemwita Patron kama mji mzima ulivyomwita, alikuwa rais wa Balansi. Sheria yake ilijulikana: nyumba inayokula kwa Balansi inaimba Balansi. Haikuwa maneno matupu. Mlinzi wa mlango wa depo, mtu mzima mwenye mvi, alirudishwa kwao kijijini kwa sababu mkwe wake alikuwa gadieni wa timu nyingine na alizuia penalti ya Balansi. Nilimwona akipita na godoro lake juu ya baiskeli. Kwa hiyo nilielewa vizuri. Papa akijua, Patron akimuuliza atasema kweli kama anavyosema kilo, na godoro litakalofuata litakuwa la kwetu.

Mama alijua. Mimi nilijua, kwa sababu viatu vya Kambale nilivificha mimi, ndani ya mfuko wa makaa. Kila Jumapili baada ya misa niliviweka kikapuni, chini ya lengalenga, nikashuka navyo bondeni kama ninayekwenda kuosha mboga. Vilikuwa vyeusi kwa makaa, na wachezaji wenzake walimtania habari za toharani: "Kambale, vyatu vyako vimetoka purgatoire?"

Kilichotulinda kilikuwa jina. Kwetu jina la mtoto halitafutwi, linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na msichana wa kwanza ni Masika, ndiyo mimi. Papa na Mama waliitwa Papa Paluku na Mama Paluku, kwa jina la kaka yetu mkubwa aliyekuwa akisoma Bunia, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuwauliza habari za Kambale. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake. Matofali walikuwa na wanne.

Aliyeteswa na jambo hilo alikuwa Mwalimu Mukendi. Serikali ilikuwa imemleta kutoka Kasai kufundisha hesabu, na radio ya mji ikamchukua kutangaza mpira kwa sababu alikuwa na mapafu. Alikuwa mtu mwema, lakini orodha ya Matofali ilimchosha. "Batu ya Butembo," alilalamika siku moja hewani, "majina iliisha ku soko? Kambale anapatia Kambale, Kambale anarudishia Kambale. Mie niseme nini?" Mwishowe aliwabatiza upya. Mmoja akawa Kambale Murefu. Mwingine, mwenye masharubu, Kambale Moustache. Wa tatu alikuwa akihudumu misa, akawa Kambale wa Misa. Ndugu yangu hakuwa mrefu, hakuwa na ndevu, na misa alikwenda kwa kusukumwa. Mwalimu alimtazama, akakosa kitu cha kushika. Akamwita Kambale Tu.

Nilisikitika kwa ajili yake. Yeye alifurahi.

"Ni muzuri sana," aliniambia, akipangusa makaa kwenye kiatu. "Kambale Tu hana baba. Hapana mutu atamutafuta."

Basi mwaka ule Matofali walifika fainali, na fainali ilikuwa na Balansi. Mshindi angetuwakilisha mkoani. Kulikuwa na maneno mengi mjini, na mawe machache, mpaka wakubwa wa mpira wakaamua mechi ichezwe Beni, kwa watu wasio na upande. Vijana wa leo hawataelewa maana ya kwenda Beni wakati ule. Leo barabara ile unaiuliza kwanza kwa simu: imeamkaje, nani amepita, nani hajafika. Sisi tuliiuliza tu kama ina matope. Watu walipanda malori na ngoma, wakashuka kutoka kwenye baridi yetu wakivua masweta njiani moja baada ya jingine, mpaka wakafika kwenye joto la michikichi na kakao wamebaki na mashati, wakicheka bila sababu.

Kambale alihitaji uongo wa siku tatu. Tulimtengenezea. Angekwenda Kirumba kwa koko, mama mzaa Papa, kumsaidia kuvuna viazi. Kirumba iko kusini na Beni iko kaskazini. Tuliona kwamba uongo ulioelekea upande wa pili kabisa hauwezi kukamatwa. Jumamosi asubuhi alimuaga Papa akiwa na begi dogo, akaanza kutembea kuelekea kusini. Nilimsindikiza mpaka kona, nikamwona akigeuka nyuma ya nyumba ya fundi seremala na kukimbia kuelekea kaskazini.

Papa hakwenda Beni. Malori yalitarajiwa Jumatatu alfajiri na yeye ndiye aliyekuwa na funguo za depo. Kwa hiyo Jumapili ile tulikaa sebuleni watatu: Papa kwenye kiti chake, Mama mlangoni akichambua maharagwe, mimi sakafuni na radio. Kutwa nzima nilikuwa nimeweka juani mawe ya radio, zile betri kubwa, yapate nguvu. Sikujua hata nilitaka nini. Nikitaka Matofali washinde, nilimwona mlinzi na godoro lake. Nikitaka Balansi ishinde, nilimwona Kambale akikanyaga udongo maisha yake yote huku mtu akicheka kutoka barabarani. Nilisali Salamu Maria nusu kwa timu moja na nusu kwa nyingine, nikaogopa kwamba Bikira naye atachanganyikiwa.

Mvua ilinyesha Beni. Tulimsikia Mwalimu Mukendi kabla ya kuisikia mvua yenyewe.

"Wasikilizaji, hii hapana kiwanja tena, ni shamba ya muchele. Attaquant wa Balansi ameanguka. Hapana mutu alimugusa. Ameanguka na mawazo yake."

Mama aliinamia maharagwe. Papa hakucheka.

"Balansi banateleza. Viatu ya mvua, viatu ya jua, yote inateleza. Mais bale Matofali, angalia, banatembea kama bako ku kazi. Donc Kambale Murefu anapatia... sijue. Namba siione tena. Bote bamekuwa udongo. Kambale anapatia Kambale."

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli. Cha pili kilikaribia kwisha. Papa alikuwa amekaa mbele kidogo kwenye kiti, mikono juu ya magoti, kama anavyokaa akingoja sindano itulie. Kisha radio ikajaa kelele, na ndani ya kelele ile sauti ya Mwalimu ikapanda kama ndege aliyeshikwa miguu.

"Goli. Goli ya Matofali. Kambale amefunga. Kambale... mais Kambale gani? Wasikilizaji, munisamehe. Kuko Bakambale batatu ndani ya filet ya goli na balle iko chini yabo. Murefu, Moustache ao Tu, sijue. Arbitre anabauliza ni nani. Kila mumoja anaonyesha mwenzake."

Kigelegele kilipanda kwenye kilima cha jirani. Kingine kikajibu ng'ambo ya bonde, halafu kingine, mama wa kila Kambale akichukua sehemu yake. Mama yangu alifungua kinywa, akakumbuka mahali alipo, akakohoa. Alikohoa muda mrefu, amejishika kifua, machozi yakimtoka.

"Mama Paluku," Papa alisema, "ile kikohozi itafutie tangawizi."

Mechi ilipokwisha aliuliza, si mimi wala Mama, labda aliiuliza radio: "Sasa arbitre ataandika nini?"

"Ataandika Kambale," Mama alisema. "Njo jina yake."

Papa alisimama, akazima radio, akaenda kukagua kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Jumatatu jioni Kambale alirudi. Alikuwa amelifikiria jambo vizuri. Aliosha miguu mtoni, akakata kucha, akavaa sweta, akaja kwa barabara ya kusini kama mtu aliyetoka Kirumba. Aliingia akisema "Shikamoo, papa" kwa sauti ya uchovu mzuri. Na mkononi alikuwa na bidoni ya manjano, dumu la plastiki.

Kwetu hutoki kwa koko mikono mitupu, hilo lilijulikana, na tulikuwa tumekubaliana: viazi. Mama alikuwa ametenga hata kifuko, Kambale akichukue kwa jirani kabla ya kuingia. Lakini watu wa Beni walikuwa wamewapa wachezaji zawadi, kila mmoja bidoni ya mawese mapya, na ndugu yangu, mwenye furaha ya siku mbili kichwani, alikumbuka tu kwamba lazima aje na kitu. Alikuja na mawese kutoka Kirumba. Kule juu kwenye baridi, kwenye viazi na ngano na kabichi, ambako hata mgomba unatetemeka, hakuna mchikichi hata mmoja.

Niliona. Mama aliona. Kambale alitutazama nyuso, akatazama mkono wake, akaisogeza bidoni nyuma ya mguu.

"Koko iko muzima?" Papa aliuliza.

"Iko muzima, papa. Anakusalimia."

"Mvua ilinyesha kule?"

"Sana, papa."

"Radio ilisema ilinyesha Beni."

"Mvua iko kila fasi," Kambale alisema.

Papa alinyoosha mkono, akapokea bidoni. Aliinyanyua kidogo, akaishusha, akainyanyua tena, kwa mazoea, kama anayekadiria kilo. Akampa Mama. "Uitie ku maharagwe," alisema.

Sijawahi kula chakula kwa uangalifu kama jioni ile. Mawese yalikuwa mapya, mekundu, na harufu yake ilijaa nyumba mpaka nikahisi inatangaza mechi. Kambale hakutia kitu kinywani. Papa alikata bugali, akachovya, akatafuna polepole akitazama ukuta. Akachovya tena.

"Mawese ya Kirumba iko tamu," alisema.

Alisukuma sahani yake kwa Mama.

"Ongeza."

Hayo ndiyo yote aliyotuambia siku zile. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza, na sikuyajua mpaka nilipokuwa mkubwa, nilipokutana kwenye msiba mmoja na Mzee Kakule, aliyekuwa mbeba mifuko wa depo ile. Aliniambia kwamba Jumanne Patron alirudi kutoka Beni na matope bado kwenye suruali. Hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya mizani, upande wa pili wa mfuko uliokuwa ukipimwa.

"Papa Paluku. Ule Kambale wa Matofali, njo wa kwako?"

"Patron," Papa alisema, "mu mji huu ukitupa jiwe, inapiga Kambale."

"Nakuuliza wa kwako."

Mzee Kakule alisema hata wakulima mlangoni walisogea kusikia, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mtu huyu hajui kusema isipokuwa kilo zilizopo. Papa aliitazama sindano. Ilikuwa imetulia kitambo.

"Wa kwangu alikuwa Kirumba, kwa koko yake. Alivuna naye. Aliniletea biazi."

Patron alimtazama sana. Kisha akasema, "Pima," akaingia ofisini. Na Papa, alisema Mzee Kakule, alipima mfuko ule mara tatu. Mara zote tatu kilo zilikuwa zilezile, na mara zote tatu alionekana kama mtu ambaye hazielewi.

Alibaki na kazi yake miaka mingi baadaye. Nilisoma kwa kazi ile. Hata kalamu ninayoandikia, nikifuata nyayo zake nyuma, nafika kwenye kifuko cha viazi ambacho hakikuwahi kuingia nyumbani. Je, alisema uongo ule kwa sababu alijivunia mwanawe, au alijuta kila siku kwamba mwanawe alimlazimisha kuegemeza mkono kwenye mfuko? Nimeandika sura nzima za riwaya kujaribu kujua. Nazichana.

Wala sijui nani alifunga. Nilimuuliza Kambale nikiwa na miaka kumi, na ishirini, na mwaka jana. "Kambale alifunga," ananijibu. Moustache, ambaye sasa ana kipara na ndevu zimekuwa nyeupe, ananiambia ni ndugu yangu. Murefu, kabla hajafa, alisema ni Moustache. Bado wanaonyeshana. Wakati mwingine nafikiri ni unyenyekevu. Wakati mwingine nafikiri kila mmoja alikuwa na baba anayekula kwa mtu fulani.

Binti wa ndugu yangu, mwenye miaka kumi na tatu na simu kubwa kuliko uso wake, alinisikiliza nikimsimulia haya yote, kisha akauliza: "Tante, video iko wapi?"

"Hakuna video."

"Hata photo?"

"Hata photo."

"Donc mulishangilia mutu hamumujue." Alinihurumia kwa dhati. Yeye na wenzake hulia wakati timu ya Uhispania inafungwa, wanajua jina la mbwa wa mshambuliaji, na wakibishana kuhusu goli wanalisimamisha kwenye kioo, wanalirudisha nyuma, wanaliona kutoka pande nne, na ubishi unakufa dakika hiyohiyo. Ukiwauliza gadieni wa timu ya kilima chao ni nani, wanafikiri unawatania. Nilitaka kumwambia kwamba sisi tulikuwa na goli moja tu na limetutosha hadi leo. Lakini alikuwa amekwisha rudi kwenye simu, na sikuwa na hakika kwamba nilikuwa na haki.

Maana mambo yamegeuka kwa namna isiyonipa pa kusimama. Bonde la matofali sasa lina nyumba za ghorofa. Balansi ilikufa polepole, jezi nyeupe zikawa vitambaa vya kufutia pikipiki. Matofali ndio wakubwa wa mji: wana basi, wana wachezaji waliotoka mikoa ya mbali, wana rais anayeingiza vipuri kutoka ng'ambo, na wafanyakazi wake wote, nasikia, huvaa fulana za rangi ya udongo kila Ijumaa. Ndugu yangu anauza vipuri hivyo na yuko kwenye kamati. Na mwaka huu kumetokea timu mpya, vijana waliokimbia mauaji ya upande wa Mbau, wakayaacha mashamba yao ya kakao, wakajenga vibanda ukingoni mwa mji wetu. Wanajiita Kakao. Wanafanya mazoezi kwenye mteremko, kwa hiyo wamezoea kupiga mpira ukiwa unakimbia kwenda chini, na wamezifunga timu za vilima, za shule, na ya askari.

"Bale batoto banakuja na hasira tu," Kambale aliniambia wiki ya mechi yao na Matofali. "Mpira hapana hasira. Na wanakimbilia ku mteremko kama mbuzi." Akacheka. Nikacheka naye. Halafu nikasikia mahali kicheko kile kilipotoka, barabarani juu, walikopita watu wa Balansi, na sikumwambia.

Jumapili nilikaa na Papa. Ni mzee sasa. Siku nyingine ananiita Mama Paluku, siku nyingine ananiuliza kama malori yamefika. Nilimfungulia radio, si ya mawe tena. Mtangazaji wa sasa ni kijana wa hapahapa, na alisoma orodha za timu zote mbili bila kujikwaa. Matofali: majina kutoka kila mkoa, mazuri, tofauti tofauti, hakuna yanayofanana. Kakao: Paluku, Kambale, Kasereka, Kambale, Mbusa, Kambale.

Papa alisogea mbele kwenye kiti. Mikono ikaenda magotini.

"Kambale ameisha rudia?" aliuliza.

Ndugu yangu Kambale alikuwa uwanjani, kwenye viti vya wakubwa, amevaa koti. Nilimtazama Papa machoni ili nijue ni ugonjwa unaosema au ni yeye, na macho yake yalikuwa yametulia kama sindano.

"Kutoka wapi, papa?"

"Kirumba."

Nje mvua ilianza kugonga mabati. Zamani ningekuwa na siri ya kubeba na ningejua pa kuificha. Sasa sina siri yoyote, na nilikaa pale, mtu mzima, nisijue hata nishangilie nani.

"Bado, papa," nilisema. "Anakuja."

Aliitikia kwa kichwa, akaegemea nyuma.

"Akifika," alisema, "ile bidoni, Patron asiione."